Swaga si tusi: Kabla hujachoma fulana ya mwanao

Jumamosi moja mwaka 2024 nilikuwa Kibaha, maeneo ya Kwa Mathias, nyumbani kwa mama mmoja ambaye ni rafiki wa dada yangu. Nilikwenda kuchukua mayai ya kienyeji, si kutafuta habari. Nilipoingia uani nikapokewa na moshi. Kwenye shimo la taka kulikuwa kunaungua kitu cheusi. Pembeni alisimama kijana wa miaka 15, mikono kifuani, macho chini.

"Humuoni mgeni?" mama yake akamwuliza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, hujambo?"

Hakujibu. Aliingia ndani.

Kilichokuwa kinaungua ni fulana. Kijana aliinunua mwenyewe kwenye mitumba ya Maili Moja, kwa hela aliyoipata kwa kumsaidia mama yake kuuza mayai hayo hayo niliyoyafuata. Kifuani ilikuwa na herufi nne kubwa za rangi ya dhahabu: SWAG. Neno hilohilo ambalo vijana wetu wamelitia irabu mwishoni likawa swaga. "Jamaa ana swaga." "Mwalimu wetu anaingia darasani na swaga."

Mama akanikabidhi simu yake. "Soma mwenyewe, mdogo wangu. Wewe ndiye msomi."

Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp kutoka kundi la wazazi, ule wenye alama ya kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi. Ulisema kwamba herufi hizo nne ni ufupisho wa maneno manne ya Kiingereza. Eti zilibuniwa Marekani miaka ya 1960 na wanaume wanaopendana wao kwa wao, ziwe alama yao ya siri, na kwamba kila kijana anayezivaa ameshaingizwa humo bila wazazi kujua. Ulimalizia kwa herufi kubwa: mzazi, okoa kizazi chako, tuma kwa watu kumi.

"Nimemlea mwenyewe," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Tangu nisome hii, namwangalia mwanangu kama mtoto wa mtu mwingine."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike safu ya leo. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, si mtaalamu wa lugha. Lakini kazi yangu kubwa siku hizi ni kukagua maneno yanayopita kwenye simu za wazazi kabla hayajaleta madhara nyumbani. Nilirudi Dar es Salaam na mayai yangu, nikaanza kulifuatilia neno hili.

NENO LILITOKA WAPI

Jibu fupi ni hili: ujumbe ule ni uongo, na ushahidi wake si mgumu kuupata.

Neno la Kiingereza "swagger", lenye maana ya kutembea au kutenda kwa maringo, limo kwenye tamthiliya za William Shakespeare zilizoandikwa miaka ya 1590. Huyu ndiye Shakespeare ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri kazi zake mbili kwa Kiswahili, ile ya Julius Caesar na ile tunayoifahamu kama Mabepari wa Venisi. Kwenye tamthiliya yake ya A Midsummer Night's Dream, Shakespeare analitumia neno hilo kuwasema mafundi wa mtaani waliokwenda porini kufanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, wakijiona waigizaji wakubwa. Neno lililokuwapo zaidi ya miaka 400 iliyopita haliwezi kuwa limebuniwa miaka ya 1960.

Tukirudi nyuma zaidi, wanaochunguza asili ya maneno ya Kiingereza wanalihusisha "swag" na lugha za Skandinavia, kwenye neno lenye maana ya kuyumba au kunesanesa. Ukimtazama mtu anayetembea kwa maringo, bega hili linashuka na lile linapanda, utaona kwa nini. Wakazi wa Kibaha watacheka kidogo hapa, maana watu wa nchi hizohizo za Nordiki, Norwei na Uswidi zikiwemo, ndio walioshirikiana na serikali yetu kuanzisha mradi uliokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha miaka ya 1960.

Neno hilo likatembea. Kwa wezi wa Uingereza, "swag" likawa mzigo wa mali ya wizi. Australia likawa furushi la kibarua anayezunguka kutafuta kazi, blanketi na vyombo vyake vikiwa mgongoni. Marekani, wanamuziki wa hip hop walilichukua kwa maana ya zamani, ile ya maringo na kujiamini. Mwaka 2008 rapa T.I. alitoa wimbo "Swagga Like Us" akiwa na Jay-Z, Kanye West na Lil Wayne. Kutoka hapo halikuwa na safari ndefu kufika kwenye redio zetu, kwenye daladala, na mwisho kwenye kifua cha fulana ya mtumba Maili Moja.

Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo herufi zake zilikuwa ufupisho wa kitu chochote.

UFUPISHO WA KUBUNI NI RAHISI

Kwa nini basi watu wazima tunaamini? Kwa sababu tumezoea vifupisho vya kweli. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. TANESCO na TAZARA ni vifupisho. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba neno fulani ni ufupisho, akili inakubali haraka.

Lakini kugeuza neno lolote liwe ufupisho ni mchezo wa dakika mbili. Waliokuwa vijana miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka jinsi mtaani walivyozigeuza herufi za AIDS kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Ulikuwa utani wa watu walioogopa ugonjwa na kuucheka kwa pamoja. Hakuna aliyesema kwamba hiyo ndiyo asili ya neno. Tofauti ya utani ule na ujumbe wa leo ni kwamba utani ulijulikana kuwa utani.

Kwa hiyo kila unapoambiwa kwamba neno la kawaida ni ufupisho wa siri, jiulize: lilionekana kwanza lini kwenye maandishi? Ukikuta lina umri mkubwa kuliko hadithi inayosimuliwa, hadithi imekufa.

SISI NASI TULIKUWA NAYO

Kiswahili hakikuwa maskini wa jambo hili kabla ya swaga. Tuna maringo, kutoka kuringa. Tuna mashauzi, kutoka kujishaua. Tuna mikogo, madoido, mbwembwe, umaridadi na utanashati. Lugha yenye maneno mengi hivyo kwa jambo moja inakuonyesha kwamba wenye lugha hiyo wamelitazama jambo hilo kwa muda mrefu, mara kwa kulipenda, mara kwa kulikemea.

Angalieni pia maneno yenyewe yanavyogawanyika. Utanashati na umaridadi ni sifa. Mashauzi ni lawama. Mbwembwe inategemea anayesema: mchezaji mpira akimpiga chenga beki kwa mbwembwe tunashangilia, mfanyakazi akija ofisini kwa mbwembwe tunanuna. Swaga kwa kijana wa leo iko upande wa sifa. Wazazi wengi tunaisikia kama mashauzi.

Na kila kizazi kimepigwa vita kwa mavazi yake. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam Januari mosi 1969. Vilivyopigwa vita ni sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Baada ya hapo zikaja bugaluu, suruali pana chini kama kengele, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Waliovaa hivyo leo ni babu zetu, wenye tasbihi na rozari mkononi, na ndio wanaolalamika kwamba vijana wa sasa wameharibika.

Kizazi changu kilikuwa na sharobaro. Wazazi wa miaka 30 na kitu mnaonisoma kwenye simu, msijifiche, nawajua. Bob Junior alikuwa anajiita rais wa masharobaro, na studio yake ya Sharobaro Records ndiko Diamond Platnumz alikorekodi "Kamwambie". Mchekeshaji Sharo Milionea alilibeba neno hilo kwenye jina lake mpaka alipofariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza, Tanga, Novemba 2012. Nchi nzima ilisikitika. Kijana aliyekuwa anachekwa kwa suruali zake na mwendo wake alililiwa kama mtoto wa kila nyumba.

Kwetu Kisarawe, kaka yangu alikuwa sharobaro wa mtaa mzima. Suruali ya kubana, nywele zimenyooshwa kwa dawa, miwani mikubwa isiyo na vioo. Siku moja baba aliichukua suruali ile na kuikata vipande kwa mkasi, mbele yetu wote, tena siku ambayo tulikuwa na wageni. Kaka hakulia. Aliendelea kuishi nyumbani, alikula chakula cha nyumbani, akamaliza shule. Lakini hakumwambia baba neno la maana kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alipopata uvimbe sehemu za siri aliuficha, akaniambia mimi, mdogo wake wa kike, tena baada ya wiki kadhaa. Tulipompeleka hospitali, daktari alimwuliza baba: "Mzee, mlikuwa wapi siku zote?"

Kaka alipona. Baba hajasahau swali lile. Nami kila nikiandika kuhusu afya ya vijana huanza na swali hilohilo kwa mzazi: mwanao akiumwa mahali pa aibu, atakuambia wewe? Kama jana ulimchomea fulana, fikiria jibu lake.

UJUMBE WA PILI

Nirudi Kibaha. Siku chache baadaye nilimpigia simu yule mama nikamweleza nilichokipata. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mdogo wangu, kama walinidanganya kwenye fulana, kwenye chanjo je?"

Ndipo nikajua kwamba kundi lile lile, wiki hizo hizo, lilikuwa limeleta ujumbe mwingine. Huu ulisema chanjo wanayochomwa wasichana shuleni inawafunga kizazi. Mwisho wake ulikuwa uleule: tuma kwa watu kumi. Mama huyu ana binti wa miaka 13. Siku ambayo wauguzi walikwenda shuleni kwao, binti alibaki nyumbani kwa kisingizio cha tumbo.

Hapa si suala la fulana tena. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu. Inasababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana na vinaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila dalili. Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi hivyo, ndiyo maana hutolewa mapema. Haina maana kwamba serikali inadhani binti yako ameshaanza mambo ya watu wazima.

Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 tuliingia kwenye dozi moja, na kampeni ikawafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi wa dozi moja haukutokana na uhaba wala majaribio kwa watoto wetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huo Desemba 2022 baada ya kuridhika kwamba dozi moja inatoa kinga nzuri kwa umri huo. Chanjo ya HPV imetumika duniani tangu 2006, na haijaonekana kuzuia mtu kuzaa. Kinachotokea kwa wengi ni maumivu ya mkono, homa kidogo au kizunguzungu cha muda mfupi. Kinachoweza kweli kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, au upasuaji wa kuondoa kizazi ili kuokoa maisha yake.

Nilimweleza hayo yote kwenye simu, naye akaniuliza maswali mazuri kuliko ya waandishi wengi. Mwisho nikamwambia asinisikilize mimi peke yangu, aende zahanati akamwulize muuguzi uso kwa uso. Alikwenda. Binti alichanjwa.

MZAZI AFANYE NINI

Sisemi kwamba kila swaga ni njema. Zipo zenye madhara halisi, na mzazi anayehangaika na herufi za kwenye fulana anaweza kuyapita hayo bila kuyaona. Mambo manne ya kutazama ni haya.

Kwanza, ngozi. Kijana anayebadilika rangi usoni huku vidole na viwiko vikibaki na weusi anatumia krimu ya kujichubua. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Nyingine zina dawa za steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba na rahisi kuchanika. Wavulana nao wanazitumia siku hizi, si wasichana peke yao. Soma kopo, na kama halina maelezo ya viambato, liondoe nyumbani.

Pili, pesa. Viatu vya bei kubwa kuliko uwezo wa nyumbani vina chanzo. Inaweza kuwa kibarua halali, kama mayai ya yule kijana. Inaweza kuwa kubeti, mkopo wa kwenye simu, au mtu mzima anayempa zawadi kwa sababu zake. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Tatu, chakula na mwili. Msichana anayeruka milo ili nguo imkae, au mvulana anayemeza vidonge vya kujaza misuli alivyouziwa mtaani, anahitaji kusaidiwa mapema.

Nne, kimya. Kijana aliyekuwa anaongea na sasa haongei anahitaji kuangaliwa zaidi kuliko kijana mwenye suruali iliyochanika magotini.

Nje ya hayo, nywele za mtindo, mwendo wa kunesanesa na maneno ya Kiingereza kifuani ni umri. Vitapita kama bugaluu ilivyopita. Kama shule ina sheria ya sare, mwambie aifuate, na umweleze kwamba swaga ina muda wake na mahali pake. Na kama kuna neno hulijui, mwulize yeye kwanza kabla ya kuuliza kundi la WhatsApp.

Mimi nilimwuliza yule kijana. Nilipopita tena Kwa Mathias, alinisindikiza kituoni akinibebea trei ya mayai. Nikamwambia, "Hivi swaga ni nini hasa?" Akafikiri kidogo.

"Ni kujiamini tu, dada. Unapita, watu wanajua umepita."

Nikamwuliza kama mama yake aliwahi kumwuliza swali hilo.

"Juzi ndiyo kaniuliza," akasema. "Tukacheka. Akasema enzi zao walikuwa wanaita usharobaro."

Nimalizie na neno moja la Kiswahili ambalo lilikuwapo kabla ya hip hop kufika. Kuswaga ni kufukuza mifugo mbele yako kwa fimbo na kelele ielekee unakotaka wewe. Tuliokulia Kisarawe tunaijua picha hiyo, maana ukipita Pugu kwenye mnada utawaona vijana na fimbo zao wanaswaga ng'ombe, na ng'ombe wanakwenda bila kujua wanakopelekwa.

Jumbe za "tuma kwa watu kumi" zinatuswaga hivyohivyo. Ukipokea moja wiki hii, iwe inahusu neno, chanjo, chakula au ugonjwa, ikalishe mpaka kesho. Mwulize mwalimu, muuguzi, au mtoto mwenyewe. Kama binti yako ana miaka 9 hadi 14 na hajapata chanjo ya HPV, nenda naye kituo cha afya kilicho karibu ukaulize. Ni bure.